Neno Ambalo Atupele Hakulitamka

Jumanne, 1 Juni 2004

Siku kubwa. Nimehojiwa! Msomi wa chuo kimoja cha Dar, Bi Raudha, ameingia dukani na dodoso lake, akauliza kama mimi ndiye Kheri anayelipa watu hela kwa vocha za simu. Nikasema ndiye. Rukaya, mke wangu, akasema kutoka nyuma ya marobota ya khanga kwamba ndiye, lakini asiandikwe. Nikamwambia Bi Raudha aandike.

Nikamweleza kazi. Mtu yuko mbali, tuseme Mbeya au Chunya, anataka kumpelekea mkewe hela huku Kyela. Akimpa kondakta, kondakta atasahau. Akimpa ndugu, ndugu atapata shida njiani. Basi ananunua vocha, anaikwangua, ananipigia, ananisomea tarakimu. Tarakimu zile nazigeuza salio, nawauzia wenye kiu ya kuongea. Mkewe anakuja, nampa hela taslimu, nimeshakata changu kidogo. Mzigo umefika. Hakuna aliyesafiri.

Bi Raudha alipendezwa sana. Kisha akauliza, nitajuaje kwamba anayekuja kuchukua ndiye mwenyewe? Nikajibu, kwa umakini. Akaandika. Akauliza tena, na siri za wateja nazilindaje? Nikajibu, kwa umakini mkubwa. Akaandika hilo pia, akanunua soda, akaondoka.

Tangu hapo sijatulia. Yule mama kaniachia mwiba. Kweli, nawajuaje? Kwa jina tu. Mwezi uliopita nilimlipa Tuntufye wa Ndandalo mzigo wa Tuntufye wa Talatala. Wote waaminifu. Yule wa Ndandalo alidhani mjomba wake amemkumbuka, akala kuku. Ilibidi nimlipe wa Talatala kutoka mfukoni, na Rukaya alinisemesha kwa ishara kwa muda.

Halafu kuna swali jingine, hili ni langu mwenyewe. Hela ikiwa ndani ya tarakimu, iko wapi? Haiko Chunya, maana imeshanunua vocha. Haiko kwangu, maana sijaiingiza. Nimetoka nje nikautazama mnara wa simu. Nimeutazama sana. Gwamaka, yule wa ng'ambo ya barabara anayeuza vocha juu ya boksi la mbao na kulipa watu kama mimi, akauliza nimepoteza nini huko juu. Nikamwambia nafanya utafiti. Sasa ananiita Profesa. Heshima imeanza kuja.

Jumatano, 2 Juni

Jaribio la kwanza. Swali: tarakimu zikisikika, zinaweza kuibwa? Nilinunua vocha ya elfu tano, nikaikwangua, nikaenda sokoni nikasimama karibu na wauza vyungu vya Wakisi. Nikatoa simu, nimeizima, nikajifanya namsomea ndugu yangu aliye mbali. Nilisoma kwa sauti. Nina sauti nzuri, madrasa nilikuwa nasoma kasida. Mama mmoja wa vyungu aliniomba nirudie mwisho, nikarudia.

Nikarudi dukani, nikawasha simu, nikaingiza tarakimu. Simu ikajibu kwamba vocha imeshatumika.

Jaribio limefaulu! Tarakimu huibwa. Elfu tano imekwenda, lakini elimu haina bei. Rukaya anasema ina bei, ni elfu tano. Mchana kutwa Gwamaka alikuwa anaongea na shangazi yake wa Tukuyu, wameulizana mpaka habari za mbuzi. Sina ushahidi. Nauandika tu.

Wahenga walisema kuta zina masikio. Sokoni hakuna hata kuta. Kwa hiyo lazima kuwe na neno la siri. Nitapanga neno na anayetuma, na anayepokea atalitamka mbele yangu. Asipolitamka, hapati. Na neno lisisafiri pamoja na tarakimu. Tarakimu zipite hewani, neno lipite barabarani, mdomoni mwa mtu anayeaminika. Mwizi akikamata moja hana la pili. Jambo hili limenijia nikiwa naoga, nikatoka na povu kuja kuliandika.

Na Gwamaka, mfumo wake ni upi? Anauliza tu. Wewe ni wa nani, umeolewa kwa nani, bibi yako mzaa mama alitoka wapi, yule kaka yako mwenye kigugumizi yuko wapi siku hizi. Akiridhika, analipa. Huo ni umbea mtupu. Faragha hajui hata inavyoandikwa.

Alhamisi, 3 Juni

Nimekaa kutunga maneno. Neno liwe fupi. Lisiwe jina la mtu, maana majina huku yanajirudia. Lisiwe la dini, nina wateja wa kila upande. Nimeamua yawe ya wanyama. Mnyama hana chama wala dhehebu.

Na asilijue yeyote isipokuwa anayetuma, anayepokea na mimi. Hata Rukaya asijue. Yeye amezaliwa hapa hapa Kyela, anajuana na kila mtu mpaka na mbuzi wao. Mimi ni wa kuja, nimetoka Kilwa kufuata duka la marehemu mjomba. Mtu anayejuana na kila mtu ni hatari kwa usalama. Nilimweleza hivyo kwa upole. Akauliza kama na chakula cha mchana ni siri. Kilikuwa siri mpaka alasiri.

Jioni nikampata mteja wa kwanza wa mfumo mpya. Angetile, kijana wa Busale, anachimba dhahabu Chunya. Huko mtandao unaupata kwa kupanda kilima, na kilima wanakipanda siku ambazo hawaingii shimoni. Alikuwa anahema. Mzigo ni wa mkewe, Atupele, wa kulipa vibarua. Mpunga wao umekomaa, mvua mwaka huu haitaki kukata, na mpunga ulioiva ukilala majini unaota hapo hapo shambani. Vibarua nao hawashiki mundu kabla hawajalipwa. Akanisomea tarakimu. Nikamweleza habari ya neno, akakubali kulituma kwa dereva wa lori anayeshuka Kyela usiku ule ule. Nikamnong'oneza: kobe.

Halafu akaanza, lakini kaka Kheri, hilo neno, unajua baba yangu... Nikamkatiza. Nikamwambia mzigo ni wa mkewe, habari za baba tutaongea siku ya salamu, simu ni ghali. Akarudia habari ya baba yake. Mtandao ukakatika.

Vijana wa huku wanawapenda sana wazazi wao. Ni jambo jema, ila lina mahali pake.

Ijumaa, 4 Juni

Atupele amekuja asubuhi, mvua inanyesha. Mwanamke mpole, sauti ya chini. Akapiga goti kidogo, akanisalimu, akauliza habari za Rukaya. Dukani kulikuwa na wanaume kadhaa wamejibanza mvua. Nikamwambia mzigo wake umefika, ninachotaka ni neno tu. Akasema neno analo, dereva amelifikisha. Nikamwambia alitamke. Akasema hawezi kulitamka.

Nilifurahi kuona mfumo unafanya kazi mapema hivi. Nikamuuliza kwa adabu, kwa nini hawezi? Akatazama chini akasema ni la mzee. Nikamwambia si la mzee, ni la kwangu, nimelitunga mwenyewe. Akasema ni yule anayetembea na nyumba yake. Nikamwambia hayo ni maelezo, mimi nataka neno. Akasema ni yule mwenye mgongo mgumu. Nikamwambia wenye migongo migumu ni wengi, hasa wakulima. Wanaume wakacheka. Akazidi kuinama.

Akaomba aliandike. Nikakataa, kilichoandikwa hunakiliwa. Basi akachora kwa kidole kwenye unga uliomwagika juu ya meza. Kitu cha mviringo, na vijiti vinne chini yake. Nikakitazama kwa makini. Nikamwambia chungu si jibu.

Hapo nikajua. Huyu ameambiwa nusunusu. Anayelizunguka neno halijui neno. Matapeli wote wako hivyo, wanakurushia maneno huku wanakusoma uso. Huenda hata si Atupele. Nikamwambia bila neno hakuna mzigo, alikumbuke vizuri arudi. Akasema vibarua wanangoja kwake, na upande wa bondeni maji yameanza kusimama. Alisema hivyo mara mbili bila kupandisha sauti. Niliumia, sifichi. Lakini usalama hauna huruma.

Alipotoka, mzee mmoja kati ya waliojibanza aliniuliza kama huko Kilwa wanawake hawana wakwe. Nikamwambia wanao, tena wengi. Akasema, "Ndaga," asante ya huku, akatoka akatembea kwenye mvua. Sikulielewa swali lake. Linahitaji utafiti.

Jumamosi, 5 Juni

Mvua tangu alfajiri. Angetile hapatikani, yuko shimoni.

Rukaya hajapoa. Anasema yule jana alikuwa Atupele, kwani nani mwingine? Yeye ndiye aliyemuuzia kitenge cha harusi, anamjua mpaka anavyocheka. Nikamwambia kicheko huigwa. Akauliza, neno lenyewe ni lipi? Siri. Ni la mnyama? Nikashtuka. Akasema mwanaume akitaka kuficha kitu lazima aweke mnyama. Nimegundua udhaifu katika mfumo na nitaushughulikia.

Mchana likatokea jambo. Gwamaka akavuka barabara. Hajawahi kuvuka barabara tangu tugombane habari ya bango langu kuliziba boksi lake. Akasimama mbele ya meza, akavua kofia, akasema kwa sauti ya mtu anayenunua kiberiti: mzigo wa Atupele wa Busale, neno ni kobe.

Nikaganda. Neno sahihi. Hakuzunguka, hakuchora. Na kanuni inasema mwenye neno ndiye mwenye mzigo. Nikimnyima, mfumo wangu una maana gani? Nikamuuliza kama yeye ndiye Atupele. Akasema anavyojua, kanuni zangu haziulizi hilo. Ni kweli, haziulizi. Nimezitunga mwenyewe. Nikamkabidhi hela. Akasema, "Ndaga fijo, Profesa," akaivaa kofia yake, akapotelea kwenye mvua.

Malipo ya kwanza kwa neno la siri wilaya nzima, pengine mkoa mzima. Nilijisikia vizuri sana kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Chai ilipoisha nikaanza kufikiri.

Nimempa Gwamaka hela ya mpunga wa watu.

Jumapili, 6 Juni

Gwamaka hayupo. Boksi lake limefunikwa turubai. Nimeulizia stendi, nimewauliza wanaokwenda mpakani Kasumulu, hakuna aliyemwona. Rukaya akaniuliza nina nini. Ikabidi nimwambie yote, na neno nikamtajia, maana limeshakufa.

Alipolisikia akaketi juu ya gunia la sukari. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Kisha akaacha. Akaniuliza kama najua baba yake Angetile anaitwa nani. Nikamwambia nitajuaje, mimi nalinda siri za wateja. Akasema anaitwa Yakobo.

Nikasema, kwa hiyo?

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Mwanamke wa Kinyakyusa aliyeolewa kwenye nyumba inayoshika mila hatamki jina la baba mkwe. Si jina peke yake. Hata neno linalofanana nalo hulikwepa, anatafuta njia nyingine ya kusema. Yakobo, kobe. Kwa Atupele kulitamka lile mbele ya wanaume ni kumvua nguo mkwe wake hadharani. Angekufa mlangoni kwangu na asingelisema. Kumbe alikuwa analijua tangu mwanzo, na alilieleza vizuri kuliko kitabu. Rukaya akamalizia kwamba nimetunga neno ambalo Kyela nzima inaweza kulitamka isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye mwenye hela.

Nikakaa na mimi kwenye gunia. Akasema kama ningemwambia lile neno Alhamisi, angenizuia Alhamisi ile ile. Nikamkumbusha kwamba lilikuwa siri.

Alasiri Angetile akapiga kutoka kilimani, upepo mwingi. Mke wake amepata? Nikasema mzigo umelipwa. Sikusema umelipwa nani. Akashukuru, akasema siku ile alitaka kunieleza habari ya baba yake. Nikamwambia nimeshafanya utafiti. Akacheka, akasema sasa atalala vizuri, maana mpunga ule ndio chakula chao cha mwaka. Nilipoweka simu chini niliona aibu. Aibu ya kweli, si ile ya kusemwa na Rukaya.

Kesho nakwenda Busale. Rukaya ametoa hela nyingine kwenye kopo lake mwenyewe, akaniwekea mbele bila neno.

Jumatatu, 7 Juni

Busale. Baiskeli ya kukodi, tope mpaka kwenye mnyororo. Nikateleza nikaingia mferejini mbele ya kina mama waliokuwa wanaanika kakao. Mmoja akasema, "Pole, tata," yaani baba. Wenzake walikuwa na kazi ya kucheka.

Shamba nikaliona. Watu wanavuna! Na katikati yao, suruali imekunjwa magotini, Gwamaka na mundu.

Kisa chenyewe ni hiki. Atupele alirudi mjini Jumamosi asubuhi, akaogopa kuingia dukani kwangu, akaenda ng'ambo ya barabara. Akamweleza Gwamaka mnyama anayetembea na nyumba. Gwamaka akalitaja yeye papo hapo, maana yeye hajaolewa kwa Yakobo. Alipolipwa akampelekea hela yote Busale, hakukata hata senti. Akakuta nusu ya vibarua wamechoka kungoja, wameshahamia mashamba ya wengine. Akabaki kusaidia. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia Jumamosi kwamba hela anampelekea mwenyewe. Akasema sikumuuliza hilo, nilimuuliza neno.

Lakini upande wa bondeni umelala. Wote. Mpunga uko chini ya maji ya matope, na Atupele alikuwa anainua mashuke moja moja anayatazama, mengine anayaweka kikapuni, mengine anayaacha yarudi majini. Nikamwomba radhi. Nikamwambia duka litalipa sehemu ile, hela ninayo hapa. Akasema haidhuru. Sauti ile ile ya chini, ndiyo iliyonichoma. Akasema ila upande ule ulikuwa wa mbegu. Mpunga wa zamani, wenye harufu, alioachiwa na mama mkwe wake kabla hajafariki. Dukani hauuzwi.

Nikasimama pale na hela mkononi kama mtu aliyebeba mwavuli jua likiwaka.

Mara mzee akatokea kwenye migomba. Atupele akageuka ghafla, akajifunika khanga, akazama kwenye mpunga uliosimama. Nilidhani kaona nyoka. Kumbe ni mkwe! Mzee Yakobo mwenyewe. Akanisalimu vizuri, akauliza kama mimi ndiye yule wa simu.

Nilitaka aone kwamba sasa mila nazijua. Nikamweleza yote kwa sauti, ili na walioko mbali wasikie. Kwamba mkwe wake amemheshimu mno. Kwamba hakusema kobe hata mara moja. Kwamba ni mimi niliyemshikilia aseme kobe. Na kwamba asiwe na wasiwasi, maana pale mjini watu wote wameshaelewa kuwa kobe ni yeye.

Vibarua wakaacha kuvuna. Gwamaka akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa peku.

Mzee akanitazama, akatazama baiskeli, akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akasema basi nile, halafu niende. Nikapewa ndizi na mtindi, nikala nikiwa peke yangu. Wema wa watu hawa ni mzito.

Jumanne, 8 Juni

Mvua imekata. Wateja nao wamekata. Wote wako ng'ambo ya barabara.

Rukaya alikwenda kunisemea kwa Atupele, akarudi jioni akiwa amechangamka. Mbegu imepatikana. Aliuliza tu. Akamuuliza mama wa vyungu, huyo akamtaja binamu, binamu akakumbuka kwamba marehemu mama mkwe wa Atupele alikuwa na dada aliyeolewa Talatala, anaitwa Anyosisye, na kwa Anyosisye mpunga ule ule bado unapandwa. Wamempimia debe. Atupele alilia, kisha akacheka kile kicheko ambacho Rukaya alisema anakijua.

Nimefurahi, nimefurahi kabisa. Hata hamu ya kula imenirudia. Lakini nikajiuliza, Rukaya amewezaje kulipata jambo zito hivi bila njia yoyote ya kitaalamu? Bahati ya ajabu.

Kisha Gwamaka akavuka barabara kwa mara ya pili. Hakuja kunicheka. Alikuja na wazo. Tuunganishe kazi: mimi nishike simu na tarakimu, maana nina mkono mwepesi, yeye akae mlangoni, maana anawajua watu. Nikamshukuru, nikakataa. Nilimweleza kwamba kumjua mtu si mfumo. Je, yeye akiugua? Akasema mkewe pia anawajua. Na mkewe akiugua? Akasema basi ataitwa mganga, na mganga anawajua wote. Hana nidhamu ya utafiti huyu.

Jumatano, 9 Juni

Nimeipata! Nilikuwa nimeshika jambo lenyewe mkononi na sikuliona.

Tuangalie ushahidi. Atupele alishindwa kulitamka neno, na ndiye aliyekuwa mwenyewe. Gwamaka alilitamka bila shida, na hakuwa mwenyewe. Jibu liko wazi kama mchana. Anayelitamka neno si mwenyewe. Anayeshindwa ndiye.

Mfumo uliobaki kutungwa ni huu: neno la siri la kila mwanamke liwe jina la baba mkwe wake. Mwizi ataropoka, nitamkamata. Mwenyewe atanyamaza, nitamlipa. Hakuna neno la kuibwa, maana hakuna neno linalosemwa. Hata sokoni wasikilize wapendavyo, watasikia nini? Bi Raudha angeniuliza leo, nisingemjibu "kwa umakini" tu.

Tatizo moja tu. Inanibidi niyajue majina ya wakwe wote wa wilaya. Nimeanza leo. Nimezunguka sokoni, nimemwendea kila mwanamke aliyeolewa, nimemwomba kwa adabu anitajie jina la baba mkwe wake. Hakuna hata mmoja aliyenitajia. Wawili wamehama mahali walipokuwa wamekaa. Mume wa mmoja amenisindikiza mpaka kituo cha polisi, tumeongea, tumeelewana.

Mwanzoni nilikata tamaa. Nikiwa pale kituoni nangoja Rukaya ndipo nikaelewa kwamba hata majina siyahitaji. Kunyamaza kunatosha.

Alhamisi, 10 Juni

Mfumo umeanza kazi rasmi. Rukaya amehamisha kopo lake, amelipeleka kwa mama yake. Amesema likitakiwa, mama yake atamuuliza mtu ni wa nani. Nimemwacha, kila mtu na njia yake.

Asubuhi akaja mwanamke kwa mzigo uliotumwa na Ambilikile kutoka Mbeya. Nikamuuliza jina la baba mkwe wake. Akatazama chini, akanyamaza. Nikamlipa. Hakupata hata muda wa kukaa. Kwa Gwamaka angekuwa bado anaulizwa habari za bibi yake.

Mchana akaja mwanamke mwingine, kwa mzigo ule ule wa Ambilikile. Sikupaparika, nimeshapata uzoefu. Nikamtazama vizuri, nikamuuliza lile swali. Huyu alijifunika khanga mpaka machoni na kugeukia ukutani. Amenyamaza vizuri kuliko wa kwanza. Nikamlipa, tena nikamwomba radhi kwa kumchelewesha.

Habari zinasambaa haraka. Jioni, nilipokuwa nafunga mlango, nikawakuta wengine wanne wameketi barazani, hata mmoja simfahamu. Nikawasalimu. Hakuna aliyejibu.

Waaminifu watupu.